Kura ya Kufumba Macho

Walimwita Gundi tangu enzi zile akibandika soli kwenye kiwanda cha viatu, na jina halikumtoka hata alipopanda akawa katibu wa chama cha wafanyakazi, kisha naibu waziri. Wenzake walisema linamfaa, maana akishika msimamo habanduki. Miaka ishirini alipanda juu ya makreti akisema kwamba nchi isiyojishonea viatu itaamuliwa na wengine itembee wapi. Ukimsikiliza unajikuta umo mgomoni na hujui umefikaje.

Jumamosi moja mchana dada yake mkubwa alipiga hodi, akaingia, akakaa kwenye kiti cha karibu na mlango. Huyu ndiye aliyemlea. Mama yao alipofariki, dada aliacha shule akaenda kushona ngozi za viatu, na huu ulikuwa mwaka wake wa thelathini na moja kwenye mashine ileile. Vidole vilikuwa vimeshapinda.

"Kiwanda kinafungwa Ijumaa," alisema. "Wenzangu wanataka uje utuage. Wanasema wewe ndiye uliyetupigania mpaka dakika ya mwisho."

Gundi aliitikia kwa kichwa. Aliona aibu mpaka masikio yakamwasha.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Miezi saba nyuma, serikali ilileta mkataba wa soko la pamoja, na ndani yake ushuru wa viatu vya nje ulifutwa. Chama chao cha siasa, cha mrengo wa kushoto, kilikuwa serikalini kwa kuungana na wengine, na mkataba ule ukakipasua katikati. Hawa walisema, ukishawapa wageni funguo za nyumba, hata chumvi utaomba ruhusa kuinunua. Wale wakajibu kwamba mfanyakazi wa ng'ambo naye ni ndugu yetu, na anayejifungia ndani anazeeka peke yake. Ndugu wa toka nitoke hawakusalimiana wiki nzima.

Kamati kuu, ambamo dada naye alikuwa mjumbe kutoka kiwandani, ikapiga kura kwa desturi yake ya tangu chama kilipokuwa kimepigwa marufuku na wapelelezi wamejaa. Wote hufumba macho. Mwenyekiti huzunguka nyuma ya viti akimgusa kila mtu bega, lakini mmoja humbonyeza mara mbili. Huyo ndiye atakayefumbua macho na kuhesabu mikono. Yeye hapigi kura, na ameapa kutosema alichokiona mpaka anaingia kaburini. Namba huziandika kwenye karatasi, mwenyekiti akazisoma.

Siku ile zilisomwa hivi: wanaokubali kumi na nne, wanaokataa kumi na tatu.

Mkono wa Gundi ulikuwa miongoni mwa wale kumi na nne. Hoja zilikuwa nzuri, jamani: dawa zingeshuka bei, matunda yangepata soko. Na kiti cha unaibu waziri nacho kilikuwa kizuri, maana mkataba ungekataliwa, chama kingetoka serikalini. Kipi kilimwinua mkono, hoja au kiti? Alijiuliza kila asubuhi akinyoa ndevu. Kiwandani waliamini alikataa, kwa kuwa ni Gundi, naye aliwaacha waamini. Akipita mtaani wanamshika mkono uleule.

"Utakuja?" dada aliuliza.

Angeweza kusingizia safari. Neno safari lilikuwa limeshafika ulimini. Akatazama vile vidole vilivyoshika mkoba, akashindwa.

"Dada, mimi nilikubali mkataba. Siku ile mkono wangu ulikuwa juu."

Dada hakushtuka. Alifungua zipu ya mkoba, akaifunga tena.

"Najua," alisema. "Mwenyekiti alinibonyeza mimi."

Hesabu ilimjia Gundi polepole. Kumbe kura ya dada haikuwemo hata katika zile kumi na tatu.

"Nilihesabu mara tatu," dada aliendelea. "Nilitafuta mkono wa kuupunguza. Ningeandika kumi na tatu hapa, kumi na nne pale, nani angejua? Kiwanda kisingefungwa. Lakini mkono ulikuwepo, nami nikauhesabu."

"Miezi yote saba hukuniambia kitu."

"Niliapa. Nilikaa nangoja uniambie mwenyewe. Kila ulipokuja kula kwangu nilisema, leo atasema. Unakula, unanisifia chakula, unaondoka."

Gundi alianza kueleza habari za dawa na matunda.

"Huenda uko sahihi," dada alisema. "Mambo ya masoko siyajui kama wewe, na hao wa ng'ambo nao wana watoto wa kulisha. Lakini mimi mkono wangu haukupata hata nafasi ya kuinuka, na wako ukainuka ukiwa umefumba macho, ukijua nimo humo chumbani."

Machozi yalimtoka Gundi, na hakuyafuta.

Dada alisimama. Alikataa kupelekwa kwa gari, akasema atatembea.

"Ijumaa saa nne," alisema mlangoni. "Uje uwaambie wewe, maana kwao mimi kiapo bado kinanifunga. Nitakaa mstari wa mbele. Ila ukianza kusema nitafumba macho. Nimeshakuona mara moja, imetosha."