Taji Lenye Bonde

Clem Oldershaw aliitupia ile beji jicho moja tu, moyo ukamlipuka paa!

Ilikuwa beji ya kofia ya askari, ya shaba, simba chini na taji juu. Wanakamati saba wa mnara wa kumbukumbu ya waliokufa vitani walikuwa wamemkodolea macho ndani ya ukumbi wa kanisa, chai yao inapoa. Mbele yao aliketi Avis Tunnicliffe, mama wa miaka themanini na miwili, amevaa koti jipya la kijani alilolinunua kwa ajili ya siku hiyo.

"Haya Clem, sema basi," alisema mwenyekiti, Rodney Spurr, mtu asiyejua kungoja. "Mchonga mawe anataka jibu Ijumaa. Leonard Wragg, tunamchonga au hatumchongi?"

Huyo Leonard Wragg alikuwa baba yake Avis. Mama yake, marehemu Edna, alimlea kwa hadithi moja: baba yako aliuawa Ufaransa mwaka arobaini na nne, wewe una mwaka mmoja. Hawakuwa wamefunga ndoa, kwa hiyo serikali haikumwandikia Edna barua yoyote, wala jina la Leonard halikuingia kwenye jiwe la mnara wa kijiji. Kila Novemba, siku ya kuwakumbuka waliokufa vitani, Avis alisimama pale na shada lake, akisoma majina ya baba za wenzake. Aliiomba kamati miaka na miaka mpaka midomo ikamkauka. Mwisho wakamwambia, lete ushahidi.

Ushahidi ndio huo. Edna alisema rafiki mmoja wa Leonard ndiye aliyemletea mwaka uleule Leonard aliouawa, naye Edna akaing'arisha kila Jumamosi mpaka alipokufa. Nyuma yake ilikwaruzwa namba ya jeshi ya Leonard, saba zake zimekatwa mstari katikati kama zile za kwenye barua zake. Rodney alikwisha kulinganisha, akaridhika. Ilibaki Clem aseme tu kwamba beji ni halali. Mzee huyo alikuwa mwongoza treni zamani, na kwa miaka arobaini watu walimletea beji zao azitambue.

Sasa sikiliza ubaya wenyewe. Beji za vita ile zilikuwa na taji la Mfalme, ambalo matao yake hupanda na kukutana juu, mviringo, kama mgongo wa mkate. Alipotawazwa Malkia, mwaka hamsini na tatu, mchoro ukabadilishwa: matao yakipanda, hubonyea katikati. Aliyekufa mwaka arobaini na nne hawezi kuvaa taji lenye bonde. Na hili lilikuwa na bonde.

"Nipeni dakika moja," Clem alisema. "Mwanga wa hapa mbaya."

Akakimbilia jikoni na beji. Tumaini lilikuwa moja: kitambaa. Yeye mwenyewe alikwisha kuona simba waliong'arishwa mpaka wakakosa pua. Huenda Edna, kwa Jumamosi zake zote hizo, ndiye aliyelichimba lile bonde. Akaigeuza beji. Beji hizi hugongwa kwenye bamba jembamba la shaba, kilichoko mbele huonekana na nyuma, na nyuma kitambaa hakifiki. Akasogeza lenzi jichoni. Juu ya namba ya Leonard, bonde lilikuwepo, kali kama lilitoka kiwandani jana.

"Ewe Mola wangu," alisema.

Angeweza kudanganya. Nani angejua? Rodney hakujua tofauti ya taji na birika! Neno moja tu, halali, na Avis angepata jina la baba yake kwenye jiwe. Lakini kwenye jiwe lile alikuwamo Cyril, mjomba wake Clem, aliyekufa vitani kweli.

"Umejificha humu kama paka aliyeiba samaki," alisema Avis, amesimama mlangoni. "Kuna nini?"

"Kaa kwanza, Avis."

"Sikai. Ni feki?"

"Si feki. Ni ya baba yako, namba ni yake. Taabu ni taji." Clem akatoa mfukoni beji ya Mfalme aliyokuja nayo ya kulinganishia, akaziweka zote mbili juu ya meza. "Pitisha ukucha hapa. Halafu hapa."

Avis akapitisha. "Hili linapanda tu. Hili la baba linashuka kidogo."

"Hilo la kushuka lilianza na Malkia. Hamsini na tatu. Kabla ya hapo halikuwepo."

Uso ukamwiva Avis.

"Unamwita mama yangu mwongo?"

"Sijamwita mtu kitu, mimi."

"Koma, Clem! Marehemu hana wa kumsemea!"

"Labda ile ya kwanza ilipotea," Clem akababaika, "akanunua nyingine..."

"Na saba akazikata nani? Usinifanye mtoto." Avis aliishika meza. Vidole vyake vikaanza kuhesabu, kimoja kimoja, na Clem alitamani ardhi ipasuke. "Hamsini na tatu nilikuwa na miaka kumi. Miaka kumi, Clem! Natembea na picha yake kwenye begi la shule, nawaambia wenzangu baba yangu shujaa. Kumbe yuko hai! Anakula, anacheka, anavaa kofia yake. Na mama anajua." Machozi yalimtoka, ya hasira kuliko ya huzuni.

Clem hakuvumilia. "Nitakwenda kusema ni halali. Sasa hivi. Wallahi nitasema."

"Wewe? Useme uongo kuhusu beji?"

"Kwa ajili yako, nitasema."

Avis alifuta uso kwa kiganja, akaichukua beji ya baba yake na kurudi ukumbini. Clem akamfuata.

"Rodney," alisema Avis, "Leonard Wragg msimchonge. Huyo mtu hakufa vitani."

Mtu mmoja aliweka kikombe chini polepole.

"Sasa," Rodney akauliza, "alikufa lini?"

"Hata mimi sijui." Akamgeukia Clem. "Jeshi lina vitabu, si ndiyo? Namba unayo. Nitafutie alipozikwa."

"Itachukua muda, Avis. Na ukishapajua?"

"Nitakwenda nimgombeze," alisema, anafunga vifungo vya koti lake jipya. "Nina maneno yake ya miaka themanini."