Kiti cha Mama wa Bibi Harusi

Fundi hakuwahi kuona supu inayoletwa mezani pamoja na bustani yake. Bakuli lilikuwa kubwa karibu sawa na beseni la kuogeshea mtoto, na pembeni sahani imejaa majani ya mnanaa na rehani, ndimu, pilipili mbichi na machipukizi meupe ya maharage. Na nyama, jamani, ilikuwa bado nyekundu! Vipande vyembamba kama kitambaa cha bitana, vimelazwa juu ya tambi za mchele.

"Wamesahau kuipika?" aliuliza.

"Hawajasahau. Mchuzi ndio unaiivisha. Izamishe hivi," Binti alisema, akamwonyesha kwa vijiti vyake.

Ulikuwa mgahawa wa Kivietinamu wa meza tisa, katikati ya mji, umebanwa kati ya benki na duka la miwani. Binti alifanya kazi ng'ambo ya barabara, ghorofa ya nne, kwenye kampuni ya bima. Ndiye aliyempigia Fundi simu akamwambia funga cherehani Jumatano, njoo tule mchana, tuna mazungumzo ya harusi.

Niseme mapema, maana mimi sipendi kumzungusha mtu. Binti hakuzaliwa na Fundi. Alizaliwa na dada yake, aliyemwacha na miezi mitatu akisema anakwenda kufanya kazi nje mwaka mmoja tu. Mwaka gani huo uliogeuka ishirini na sita? Fundi akamlea. Alishona sare za shule mtoto akiwa mgongoni, na akiulizwa mbona huolewi, alijibu kwamba hajapata nafasi. Mtoto alipoanza kusema akamwita Mama, na hakuna aliyemsahihisha. Dada mtu alipiga simu siku za sikukuu, tena si zote.

Sasa dada karudi, mwezi wa pili huu, na harusi imebaki wiki tatu. Fundi alitaka kitu kimoja tu: akae kile kiti cha mbele, cha mama wa bibi harusi, amwone mwanawe akipita. Hakuwahi kukiomba. Mtu anaombaje kilicho chake? Aliamini ameitwa kuulizwa atavaa rangi gani, na njia nzima alikuwa akichagua.

Vijiti vilimtoroka mara tatu. Mwenye mgahawa, mama wa Kivietinamu mwenye mvi na aproni, akamletea uma bila kuombwa.

"Rudisha tu, mama," Fundi akamwambia. "Miaka thelathini nashika sindano, vijiti ndivyo vinishinde?"

Yule mama alicheka. Binti hakucheka.

"Mbona huli?"

"Nakula."

"Unakula nini, unakoroga tu." Fundi akapeleka mkono, akaanza kuokota majani ya vitunguu kwenye bakuli la Binti na kuyatia kwenye lake, maana mtoto huyu na vitunguu hawapatani tangu azaliwe. Binti alimwachia. Macho yake yalikuwa yameshajaa maji.

"Mama mdogo," akasema.

Mkono wa Fundi ulisimama palepale. Ni kweli, kwa ukoo yeye ni mama yake mdogo, hakuna asiyejua. Lakini neno hilo halikuwahi kumtoka Binti kinywani, hata siku za ujeuri wake alipokuwa na miaka kumi na nne.

"Hilo umelianza lini?"

"Mama... yeye anasema anaumia akinisikia nakuita Mama. Nikamwambia nitajaribu."

"Haya. Jaribu."

"Na kwenye harusi atakaa yeye. Kile kiti cha mbele. Wewe utakuwa mstari wa pili, na mashangazi." Aliyasema haraka haraka, kama mtu anayemeza dawa chungu. "Kadi zimeshachapishwa."

Fundi aliweka vijiti chini. Aliviweka sawasawa, kimoja kando ya kingine.

"Ni yeye aliyetaka, au wewe?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nikimkosea ataondoka tena," Binti akasema, na sasa machozi yalikuwa yanamtiririka waziwazi. "Akikaa kimya kidogo tu, nahisi anafungasha. Wewe hata nikukosee vipi, huendi popote. Kwako sina wasiwasi."

Jamani! Yaani aliyebaki ndiye anayesogezwa nyuma, kwa kosa la kubaki! Fundi alitaka kusimama na kuyamwaga yote: homa, ada, usiku wa kuamkia mitihani, yule mwanamume mwema ambaye yeye Fundi alimkataa kwa sababu mwanamume hakutaka mtoto wa mtu nyumbani kwake. Yalifika mpaka kooni. Akajikaza kisabuni, akayameza. Moyo ulimpasuka, nami nasema ulimpasuka kwa sababu sina neno jingine.

"Kula, tambi zinavimba," alisema.

Naye akala. Alikula huku machozi yakidondoka kwenye mchuzi, hadi yule mwenye mgahawa akaja mbio na glasi ya maji.

"Pilipili?"

"Ndiyo, mama. Kali kweli."

Binti alisubiri yule mama aondoke. "Umekasirika?"

"Sijakasirika. Nimeumia, na usichanganye hayo mawili. Mpe kiti. Mimi nitakaa popote, mradi nikuone."

"Nisamehe."

"Nitakusamehe. Leo siwezi, lakini nitakusamehe."

Binti alimshika mkono juu ya meza, akaubana. Kisha akatazama saa ya simu yake, na uso ukamshuka.

"Kuna jambo jingine. Nimemwambia aje. Nilitaka tule pamoja sote watatu, yaishe."

"Hapa? Sasa hivi?"

"Ameshafika karibu."

"We mtoto wewe!" Fundi akanyakua mkoba wake uliokuwa kwenye kiti kitupu, akauweka sakafuni. Hakutaka dada yake amkute analia, asilani. Akainama chini ya meza kutafuta leso, akapenga, akafuta jicho moja, akafuta la pili. Alisikia mlango ukifunguliwa na kelele za barabarani zikiingia. Alisikia kiti cha Binti kikisukumwa nyuma.

"Mama!" Binti aliita.

"Abee, mwanangu!" Fundi akaitika kutoka chini ya meza, kwa sauti ile ile anayoitikia siku zote akiwa kwenye cherehani.

Akainua kichwa. Watu wa meza ya jirani walikuwa wamegeuka. Binti alikuwa amesimama, mkono juu, aliokuwa akiupunga kuelekea mlangoni, na sasa haukushuka wala haukupunga tena. Pale mlangoni dada mtu alisimama na miwani yake ya jua, anawatazama wote wawili.

"Samahani, dada," Fundi alisema. "Nilidhani ananiita mimi."