Nafasi ya Vaughn

Viazi vilikuwa vimeshapoa mezani kwa Nedra, na Askofu Garn bado hajasema kilichomleta. Mtu akifa katika bonde la Sanpete, kina mama wa Kanisa hufika na viazi hivyo vya jibini kabla machozi hayajakauka, pamoja na jeli ya kijani yenye karoti ndani, ambayo hakuna anayeipenda na hakuna anayethubutu kuikataa. Safari hii aliyekufa ni Vaughn, mume wa Nedra. Alifuga batamzinga maisha yake yote, na hata kule hospitali, sauti inamkatika, aliuliza kama wamepewa maji.

Kama maaskofu wote wa Kanisa lile, Garn alikuwa askofu Jumapili, siku nyingine anauza matairi. Nedra alimfundisha nyimbo za watoto kanisani tangu hajui kufunga viatu, kwa hiyo hakuona haya kumtazama mpaka aseme.

"Dada Nedra," alisema hatimaye, "nimefikiria sana habari ya Kaka Vaughn. Ukitaka, naandika makao makuu Salt Lake wakufungue kifungo cha ndoa na Dell. Wakikubali, tunakuunganisha na Vaughn hekaluni, na watoto pia."

Dell alikuwa mume wake wa kwanza. Waliunganishwa katika hekalu la Manti kwa milele yote, maana katika Kanisa lao ndoa ya hekaluni haikatwi na kifo, na mwaka haukuisha mgodi wa makaa ya mawe ukamwangukia. Nedra, binti mbichi aliyechanganyikiwa kwa huzuni, alichongesha jina lake kwenye jiwe la kaburi kando ya la Dell, na mwaka wake wa kuzaliwa, ukabaki wa kufa tu. Vaughn alipomwoa, alimwoa kwa maisha haya peke yake, maana mwanamke aliye hai haunganishwi na wanaume wawili. Hata watoto wao watano, ambao Vaughn aliwabeba mabegani, kwa utaratibu huo, huko mbinguni ni wa Dell.

"Nikifunguliwa, Dell atabaki na nani?" Nedra aliuliza.

"Atakuwa huru."

"Huru na nani, Garn?"

Askofu aliitazama jeli. "Bwana atampangia mtu."

"Kama tunavyopangiana zamu ya kufagia kanisa."

"Dada Nedra, tafadhali."

"Baba yako alipofiwa na mama yako akamwoa Ilene. Walimfungua kwanza kwa mama yako?"

"Hapana. Kwa mwanamume ni tofauti."

"Tofauti vipi?"

"Ndio utaratibu," alisema Garn, na masikio yakamwiva. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwema aliyetumwa na jibu bovu, na alijua.

Nedra alikunja kitambaa cha mezani, akakikunjua. "Kila Mei Vaughn alikuwa anakwenda kulisugua jiwe la Dell. Na brashi yake, na ndoo yake. Jina langu liko pale na mwanamume mwingine, naye anapiga magoti analitoa ukoga. Nikamwambia acha, watu watakucheka. Akasema, huyu kijana hakupata muda, tusimnyime na hiki. Sasa niambie, na usinipe majibu ya darasani. Mfuga batamzinga aliweza kumwonea Dell huruma. Mungu anashindwa na nini?"

"Labda hatujayaelewa mapenzi yake."

"Labda. Nimengoja ayaeleze tangu nina meno yangu mwenyewe."

Garn alisimama, kofia mkononi. "Niandike au nisiandike?"

"Usiandike. Mimi simfukuzi mtu."

Alipoondoka, Nedra alirudisha kiti cha askofu mahali pake. Hakuwahi kusema maneno kama yale. Tangu siku mgodi ulipoanguka, Mungu huyo ndiye aliyekuwa mwenziwe wa kuzungumza naye jikoni, akimenya viazi, akifua. Sasa nyumba ilikuwa tupu kwa Vaughn na tupu kwa Mungu kwa wakati mmoja.

Na bado Vaughn alikuwa wa kuzikwa kesho, mbali, huko mwisho wa makaburi kwenye uzio, maana kando ya nafasi aliyowekewa Nedra hapakuwa na pa kumweka. Upande mmoja wa nafasi yake alilala Dell. Upande wa pili ulikuwa umewekewa wifi yake Reva, dada wa Dell.

Reva aliingia bila kubisha, kama kawaida yake. Ulimi wake ulikuwa mchungu, na hakuwahi kukosa ibada hata moja. Hakuolewa. Katika Kanisa la watu wenye familia, maisha yake yote alikaa kwenye benchi peke yake, na watoto wa watu wakimpiga mateke ya mgongo kutoka nyuma.

"Garn ametoka hapa uso umemshuka. Umemfanya nini?"

"Nimemuuliza swali."

"Na wewe kwa maswali." Aliketi, akavua glavu. "Nimeongea na mchimba kaburi. Vaughn anakuja pale kwangu."

"Kwako wapi?"

"Kuna kwangu ngapi? Upande wako wa pili."

"Reva, pale ni pako. Wewe ni wa kulala na ndugu zako."

"Mimi nitakwenda kule kwenye uzio. Kuna upepo, lakini kukaa peke yangu nimezoea."

Nedra alilia, kwa mara ya kwanza tangu Vaughn alipofariki Jumatatu, na Reva akamwacha alie.

"Kanisa litasema nini?"

"Lile kaburi alinunua baba yangu, si Kanisa."

"Lakini na wewe unabaki nje. Tumemwingiza Vaughn, tumekutoa wewe. Lazima kila mara mmoja abaki nje?"

Reva alizikunja glavu zake. "Sisi tuna nafasi tatu tu, Nedra, na tumejibana. Mungu ana mbingu nzima."

Alivuta bakuli la viazi. Hakuna aliyeshika kijiko. Katika nyumba ile Vaughn ndiye aliyekuwa akitaja wa kuombea chakula, na kiti chake kilikuwa wazi.

"Omba tule," alisema Reva.

"Omba wewe."

"Mimi leo siongei naye."

Nedra alifumba macho kwa mazoea, akakunja mikono. "Baba yetu wa Mbinguni," alianza, akakwama. Alitaka kumwomba awe kama Vaughn, awe hata kama Reva, lakini hakujua ombi la namna hiyo hupelekwa kwa nani.

Alikaa hivyo, macho yamefumbwa, mpaka Reva akasema amina kwa niaba yake na kumpakulia.