Shavu la Kulia

"Nta ya krimu yako imeniziba vinyweleo," msusi alisema, akamgeuzia wifi yake, mpika krimu, shavu la kulia. Chunusi zilikuwa zimejipanga kama ziko foleni.

Mpika krimu aliyatupia jicho makopo yake kwenye rafu ya saluni. Sabuni yake ya kwanza iliyeyuka rafuni, ya pili iliwasha watu. Krimu hii ndiyo pekee iliyosimama, na saluni hii ya mke wa kaka yake ndiyo mahali pekee ilipouzwa. Makopo yakishuka kwenye ile rafu, basi, amekwisha.

"Wifi, nta hiyo ni ya kushikanisha maji na mafuta yasigombane. Naweka kijiko kimoja sufuria nzima."

"Basi hicho kijiko kimehamia usoni kwangu na ukoo wake."

Wateja wakacheka. Mpika krimu naye akacheka.

"Nipe wiki tatu. Shavu hilo usilipake kitu. La kushoto endelea na krimu. Chunusi zikihamia kushoto, nayashusha makopo kwa mikono yangu."

Wiki tatu zikaisha. Shavu la kushoto lilikuwa laini kama sahani mpya. La kulia, lililonyimwa krimu, lilikuwa limeongeza wapangaji.

"Labda nta imevuka pua," msusi alisema, lakini sauti ilikuwa imepungua ukali.

Simu ya msusi ikalia. Mikono yake ilikuwa kichwani mwa mteja, inang'aa mafuta ya nywele. Aliipokea kwa vidole viwili, akaibana kati ya bega na shavu la kulia, akaendelea kusuka kama alivyofanya miaka yote.

Mpika krimu alimsogelea, akaichomoa simu, akaipangusa kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kikageuka rangi ya chai.

"Sikatai, kuna ngozi zisizoelewana na nta yangu. Yako haimo. Hapa shavuni umebandika mafuta ya vichwa vya mtaa mzima."

Msusi alikitazama kitambaa, akalitazama shavu lake kwenye kioo, akaangua kicheko mpaka kitana kikamdondoka.

Simu ilikuwa bado hewani. Mpika krimu aliiweka mezani, akafungua spika.

"Mke wangu," sauti ya kaka yake ikajaa saluni, "vipi, yule dada yangu na nta yake ushamfukuza?"

"Anakusikia," msusi alisema, akiyasogeza makopo mbele ya rafu. "Mwambie aongeze mengine."