Haya za Ngwali Mstarini

Wiki tatu nzima Ngwali, fundi cherehani wa kisiwa cha Makoongwe, hakumaliza nguo ya mtu kwa wakati. Mdomo ndio uliokuwa kazini. Kila aliyeleta kanzu ipunguzwe alipewa hotuba kwanza: kura ni amana, na asiyekuja mkutanoni asije kwangu kulalamikia maji. Mwenyewe sasa anasema alikuwa redio iliyokwama kitufe, na wa kuonewa huruma ni wateja.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Bomba jipya la maji linaletwa kisiwani, lakini mfereji wa kutekea ni mmoja tu, na mwenyekiti wa kamati ya maji ndiye atakayeamua uwekwe wapi. Waliogombea uenyekiti walikuwa wawili. Bi Hija alitaka uwekwe mtaa wa juu, ambako wanawake huamka alfajiri kwenda kisima cha mbali. Mmanga alitaka uwekwe bandarini, mbele ya duka lake, na wala hakuona tabu kusema hivyo. Ngwali anakaa mtaa wa juu. Mkewe, Asya, ana mgongo mbovu. Mkwewe, Bi Mwanabaraka, mama yake Asya, anakaa peke yake nyumba ya tatu, na magoti yameshamkatalia.

Siku ya siku uwanja wa skuli ulijaa, na nusu ya waliojaa waliburutwa na Ngwali. Sheha akasema hakuna karatasi. Kila mtu asimame nyuma ya mgombea wake, vitahesabiwa vichwa. Wakati huo Ngwali bado anazunguka nyumba za nyuma kukusanya wavivu. Aliporudi, jasho linamtiririka, mistari ilikwisha kunyooka. Akaenda moja kwa moja kwenye wa Bi Hija, kifua mbele, halafu akafunga breki. Wa mwisho katika mstari ule alikuwa mkwewe.

Sasa, Ngwali ni mtu wa adabu zake. Miaka kumi na minane ameoa, hajakaa mkeka mmoja na Bi Mwanabaraka. Akikutana naye njiani huchepuka hata kwenye mihogo ya watu. Leo akasimame nyuma yake, ampumulie kisogoni, kisiwa kizima kinatazama? Akaona heri ajitenge pembeni kidogo mpaka atokee mtu wa kumkinga. Na pembeni penyewe, kwa akili zake timamu, palikuwa mkiani mwa mstari wa Mmanga. Akainamia viatu vyake, anajisifu moyoni kwa malezi mema.

Mkono ukamgusa begani. "Sitini na nne," alisema msaidizi wa sheha aliyekuwa akihesabu, akapita.

Ngwali akafungua mdomo. Mdomo uleule wa wiki tatu haukutoa hata herufi, maana kujieleza kungetaka amtaje mkwe hadharani. Bi Hija akapata sitini na tatu. Mmanga akaja kumpa mkono, akamwambia hakujua kumbe ana rafiki mtaa wa juu.

Walipofika nyumbani Asya alimwekea wali, na kando ya sahani akamwekea ndoo mbili tupu.

Asubuhi Ngwali akaenda kisimani, mwanamume peke yake kati ya wanawake waliomsalimu kwa marefu kuliko kawaida. Akazibeba ndoo hadi mlangoni kwa Bi Mwanabaraka, akaziweka, akakohoa, akarudi nyuma mpaka uani kwa jirani. Moyo ulimuuma kweli, na hapa hata yeye akisimulia huwa hacheki.

"Nilikuona jana," sauti ya mkwewe ikatoka ndani. "Nikasogea mbele hatua mbili, nikajifunika, nikasema mwanangu sasa atapata pa kusimama. Nilikuwekea nafasi."

"Nisamehe, mama. Niliona haya."

"Haya zako nimeziona. Uchaguzi mwengine lini?"

"Baada ya miaka mitatu, mama."

Ikasikika sufuria inavutwa sakafuni.

"Basi hiyo mitatu utateka wewe. Na ndoo mbili hazijazi mtungi, rudi tena."