Sina Nadhiri

Nianze na jambo moja ili tusisumbuane: mimi si mtakatifu, sijawahi kuwa, na nyama niliiacha kwa sababu sikuitaka. Basi. Watu wa kambi ya shamba la ngano kule Basotu niliwaeleza hivyo hivyo, kwa Kiswahili hiki hiki, na hakuna hata mmoja aliyekubali.

Ilianza na Kwaresima. Wakati ule nilikuwa na kazi ya kushona magunia kwenye stoo ya shamba, nikiishi chumba kimoja na Perpetua, msichana mwenzangu kutoka kijiji cha Daudi, ambaye kwa mambo ya dini alikuwa moto wa kuotea mbali. Yeye aliacha nyama kwa ajili ya Mungu. Mimi niliacha kwa kuwa tulikuwa tunapika sufuria moja. Pasaka ikafika, kambi ikachinja, Perpetua akala mpaka akafungua kifungo cha sketi. Mimi nilipokea bakuli langu, nikauangalia ule mchuzi na mafuta yake yanayoelea, nikagundua kwamba kwa muda wote ule nyama sikuwa nimeikumbuka hata kidogo. Nikamsogezea yeye.

"Unaumwa, Verediana?"

"Siumwi. Sitaki tu."

"Sitaki ni nini? Leo ni Pasaka."

"Najua ni Pasaka. Na sitaki."

Alinitazama, mfupa ukiwa mkononi, halafu uso wake ukabadilika ukajaa heshima. Akaninong'oneza, "Ni nadhiri?" Nilicheka sana. Kumbe nimeharibu, maana mtu aliyeweka nadhiri hatangazi, na kicheko changu kilichukuliwa kuwa ndiyo njia yangu ya kuficha.

Wiki haikuisha kambi nzima ilikuwa inajua. Nikikana, wanatikisa vichwa kwa upole. Nikikasirika, wanasema mfungo unamchosha. Kadiri nilivyosema sina nadhiri ndivyo nadhiri yangu ilivyozidi kuwa kubwa, mpaka mama mmoja wa pale kambini akanijia na chumvi kwenye karatasi, niiombee kwa ajili ya mguu wa mumewe. Nilimrudishia chumvi yake nikamwambia ampeleke mumewe zahanati. Akashukuru kama nimembariki.

Ukweli ni mwepesi. Tangu nikiwa mtoto mimi ni mtu wa kuchagua chakula. Kwetu, katika nyumba ya watoto wengi, hiyo ilikuwa aibu kubwa kuliko wizi. Maharage sikuyataka kwa sababu ya ganda lake, linalobaki mdomoni baada ya kila kitu kuondoka. Mlenda sikuutaka kwa sababu unateleza kabla hujaamua kuumeza. Kabichi ya kuchemsha niliisikia harufu nikiwa bado barabarani. Nyama nayo nilikula kwa kuinyofoa, nikitupa mafuta, nikitupa mishipa, na mwisho nilichokula kilikuwa kidogo kuliko nilichotupa. Nilikuwa naishi kwa viazi vitamu na ugali na maziwa ya mgando, na mama alikuwa anasema wazi mbele ya wageni kwamba mimi ndiye nitakayemzeesha.

Kwa hiyo kuacha nyama haikuwa kazi. Kazi ilikuwa kula vile vingine, maana nilipoitoa nyama sahani yangu ilibaki na vitu vya kuhesabika, na gunia la ngano halishonwi na mtu anayeona kizunguzungu. Nikaamua kupambana. Maharage niliyaloweka usiku kucha, asubuhi nikayasugua kwenye maji mpaka maganda yakaelea, nikayamwaga, nikachemsha yaliyobaki na kuyaponda. Perpetua aliona ni upuuzi wa mwaka. Lakini nilikula, na kesho yake nikala tena. Kabichi niligundua ugomvi wangu nayo ulikuwa wa moto tu: mbichi, imekatwa nyembamba, na chumvi na ndimu, niliitafuna hadi watu wakageuka kuangalia kelele. Ngano ya mgao tuliyopewa sikuisaga yote. Nyingine niliitwanga kidogo, nikaichemsha nzima nzima na yale maharage yangu yasiyo na ganda, kama makande. Kila punje ilikuwa inapasuka kwenye jino. Mlenda sikuuweza, na mpaka leo siuwezi, na sioni sababu ya kuomba radhi.

Nilinenepa. Hilo nalo wakasema ni muujiza.

Alfredi alinikuta nikisugua maharage nje ya chumba chetu. Alikuwa dereva wa kombaini, kijana mrefu wa wafugaji wa Kibarbaig, wa kwanza katika ukoo wao kubatizwa na wa kwanza kushika usukani. Aliniuliza nafanya nini. Nikamwambia ninayavua nguo. Akachuchumaa, akashika bakuli upande wa pili, tukayasugua pamoja mpaka yakaisha. Wanaume wengine walikuwa wananitazama kwa woga kama wamekutana na sanamu ya kanisani. Yeye aliuliza swali moja tu: "Ni kweli una nadhiri?" Nikasema sina. Akasema, "Sawa." Alikuwa mtu wa kwanza kuniamini, nami nilimpenda pale pale, na sikujisumbua kuficha.

Baada ya mvua kubwa tulikubaliana kuoana. Tatizo likatoka kwa baba yake.

Mzee Gidahosh alikuwa na ng'ombe wengi na hakuwa Mkristo. Nadhiri ya Mkristo, kwa hiyo, aliiogopa kuliko Mkristo yeyote. Kwao kiapo ni kitu kinachoishi. Mtu akiingia na kiapo chake kwenye boma, kimeingia na yeye, na siku akikivunja hata kwa bahati mbaya, kwa mchuzi ulioganda kwenye kijiko, madhara hayamtafuti yeye peke yake. Yanatafuta watoto na mifugo. Habari zangu zilikuwa zimemfikia zote, pamoja na ile chumvi. Akamwambia mwanawe: huyo msichana sina neno naye, lakini aliyemfunga aje amfungue, mbele yangu, halafu ale nyama ya kondoo wangu nione. Kisha, nje ya desturi zake zote, akatuma mtu kwa Padre Nikolausi wa parokia yetu.

Jioni ile Alfredi alikuja kunipa ushauri. Tulisimama kwenye ukingo wa shamba, ngano ikiwa imeshaanza kubadilika rangi.

"Kubali tu kwamba ni nadhiri," alisema. "Sema uliiweka kwa ajili ya afya ya mama yako, na kwamba ni ya maisha, haifunguliki. Padre hatakubishia mbele ya watu. Baba ataogopa, ataheshimu, atakutengea sufuria yako. Hakuna atakayekugusa na kipande cha nyama mpaka unakufa."

"Na nikisema kweli?"

"Ukisema kweli, umekataa chakula cha baba yangu kwa sababu hutaki. Mtu anayekataa bila sababu amemdharau mwenye nyumba. Anaweza kuvunja uchumba, Vere. Na mimi siwezi kuoa kwa nguvu juu ya kichwa chake."

Sitadanganya kwamba sikufikiri. Niliutaka ule ushauri. Ulikuwa unanipa mume, ulikuwa unanipa sufuria yangu mwenyewe, na sikutakiwa kufanya lolote zaidi ya kunyamaza na kuinamisha macho, jambo ambalo kambi nzima ilikuwa imeshanifundisha. Lakini nilijiona nikiwa mke wa mtu, miaka kumi mbele, bado nimeinamisha macho, nikiletewa chumvi za watu. Hasira ikanipanda. Nikamwambia Alfredi tutaonana Jumapili.

Jumapili tulikwenda bomani kwao, upande wa juu wa ziwa, baada ya misa. Kondoo dume alikuwa amefungwa kwenye nguzo, mnene, anasubiri zamu yake. Mzee Gidahosh alikaa kwenye kigoda chake na fimbo magotini. Mkewe, ambaye sote tulimwita Mama Alfredi, alikaa chini nyuma yake kidogo, bangili za shaba zimejaa mkono mzima.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Karibu. Padre, karibu." Mzee hakuwa mtu wa kuzunguka. "Padre, huyu mtoto amefungwa na maneno ya kwenu. Mfungue."

Padre Nikolausi alivua kofia. "Mzee, mimi siwezi kufungua kitu ambacho sijui kama kimefungwa. Muulize mwenyewe. Yupo hapa."

Mzee akanigeukia. Alfredi naye alinitazama, nikaona midomo yake inasema polepole bila sauti: mama yako.

"Baba," nilisema, "mimi sina nadhiri. Sikumwapia Mungu wala mtu. Nyama siitaki. Sikuipenda tangu utotoni, nikaiacha, nikaona niko mzima. Kondoo wako ni mzuri na mkono wako ni wa ukarimu, lakini sitakula. Leo sitakula na nikiolewa hapa sitakula."

Kondoo alilia pale kwenye nguzo. Nilishangaa mwenyewe jinsi nilivyojisikia mwepesi.

"Hakuna kiapo?" aliuliza mzee.

"Hakuna."

"Ukila kwa bahati mbaya, nani anaumia?"

"Hakuna. Nitakasirika mimi."

Mzee aliigeuza fimbo yake mara mbili tatu. "Waliokuja kupima nchi yetu wakati ule," alisema, sasa akimwambia Padre, "tuliwakaribisha maziwa. Tukawauliza, mnapima nini? Wakasema, tunapita tu. Sasa ng'ombe wangu wanazunguka shamba lao la ngano kwenda kunywa maji. Tangu siku ile sitaki jambo nisiloambiwa liingie kwangu." Akanirudia mimi. "Wewe umeniambia. Hilo nimelisikia. Lakini sijawahi kuona mwanamke anayesema sitaki tu. Mwanamke wa boma anakula kinachopikwa. Huyu hapa," akaonyesha nyuma kwa kidole gumba, "amekula mafuta ya kondoo tangu nimemuoa, kila uzazi, na hajawahi kuleta maneno."

"Siyapendi," alisema Mama Alfredi.

Mzee hakugeuka mara moja. Nadhani hakuwa na uhakika sauti imetoka wapi.

"Nini?"

"Mafuta ya kondoo. Siyapendi. Tumbo linakataa." Alisema akiangalia bangili zake. "Kila uzazi lilikataa."

"Miaka yote hii?"

"Hukuniuliza."

Alfredi alikuwa ameshika kichwa. Padre alikuwa anaitazama kofia yake kana kwamba imeandikwa kitu. Mzee Gidahosh aligeuza kigoda chote, taratibu, mpaka akawa anatazamana na mkewe, na nikamwona anatafuta maneno ambayo hakuwa amewahi kuyatumia.

"Basi unataka nini?"

Yule mama alifungua mdomo akaufunga. Alifikiri. Alifikiri muda mrefu sana, na ilinichoma roho kumwona, maana ilikuwa wazi kwamba hakuwa anachagua neno la kusema. Alikuwa anatafuta jibu lenyewe, mahali ambapo hakuna aliyewahi kumtuma. Hatimaye akainua uso akaangalia chini ziwani, kwenye moshi wa vibanda vya wavuvi.

"Samaki," alisema. "Nimesikia harufu yake tangu nimeletwa hapa. Nataka kuonja samaki."

Samaki, katika boma la watu wa ng'ombe! Alfredi alisema, "Mama!" Mimi, niliyekuja pale kukataa nyama, nilijikuta nikiomba kimoyomoyo mtu asimkatalie samaki wake.

Mzee alisimama. Alfredi naye akainuka haraka, akasema atakwenda yeye na baiskeli. "Kaa," baba yake alimwambia. "Aliulizwa na mimi." Akaanza kuteremka, kisha akasimama akamwambia Padre, bila kunitazama, "Harusi iwe mavuno yakiisha. Huyo msichana ajipikie anachotaka, mradi aseme hivi hivi." Akaendelea na safari yake ya ziwani, na wachunga ng'ombe njiani walisimama kumshangaa.

Alirudi na samaki wa kukaanga ndani ya gazeti, amemshika mbali na mwili wake kama anayebeba nyoka aliyekufa. Akamweka mbele ya mkewe, akakaa. Mama Alfredi alifungua gazeti, akamnusa. Akanyofoa kipande kidogo cha mgongoni, akakagua kama kina miba, akaweka mdomoni. Sote tulimtazama akitafuna. Alitafuna kwa haki kabisa, hakuharakisha, akameza.

"Enhe?" mzee akauliza.

"Sipendi."

Mzee alisubiri, akidhani ataongeza neno. Hakuongeza. Alilifunga gazeti vizuri, akalisukuma pembeni, na hakuna mtu aliyemwambia amalize. Akafuta vidole kwenye nyasi, akanyoosha miguu yake mbele juani, akasema tena, polepole, na safari hii akitabasamu:

"Sipendi."