Barua Kumi na Tisa za Fundi wa Tovuti

Fundi wa tovuti alihamisha tovuti ya mteja wake siku ya Jumanne, kati ya chai ya saa nne na chakula cha mchana. Mteja huyo alikuwa mama mtu mzima aliyetengeneza miguu ya bandia. Kwa miaka sita fundi ndiye aliyemtunzia rekodi za jina la tovuti, zile zinazouambia mtandao wageni waende wapi na barua pepe ziende wapi. Rekodi ya wageni aliielekeza kwenye seva mpya. Ya barua aliisahau, ikabaki inaelekea seva ya zamani. Wiki tatu baadaye akaifuta seva ya zamani bila hata kuichungulia, ndipo akagundua kwamba barua zote za wiki tatu zilikuwa humo. Akairekebisha rekodi dakika hiyohiyo, akanyamaza kimya kama hakuna lililotokea.

Jioni hiyo barua ya kwanza ilibisha hodi nyumbani kwake. Ilikuwa na kimo cha mtoto wa darasa la pili, imekunjamana kidogo magotini. Kufikia Ijumaa zilikuwa kumi na tisa. Mke wa fundi aliazima mabenchi kwa jirani, akaziomba zipanguse miguu kabla ya kuingia.

"Baba watoto," alisema, "wageni wako hawali, ila kusoma wanasoma."

Kila barua ilijisoma kwa sauti ya mwenyewe aliyeiandika. Dereva aliuliza kama mguu mpya utaweza kukanyaga klachi. Mzee mmoja alitaka kufika kwa ajili ya kipimo. Mama mmoja alikuwa ameandika mara nne kwamba binti yake amekua, mguu wa zamani unamchubua, na sasa hataki kwenda shule. Fundi alikula akiwa ameinamia sahani.

"Tupeleke kwa aliyeandikiwa," barua ya mwisho ya yule mama ilimwambia. "Sisi njia hatuijui. Tunakwenda tunakoelekezwa."

"Nikifika nimwambie nini?"

"Kwamba ulifuta bila kuangalia. Si maneno mengi."

Jumatatu aliondoka nazo, zikamfuata kwa mstari pembeni mwa barabara. Watu walizipisha, mwendesha baiskeli mmoja akazipigia kengele. Nje ya karakana ya yule mtengeneza miguu, fundi aliziambia zitazame ukuta na zinyamaze mpaka atakapoziita, akaingia peke yake.

Mama alikuwa anafunga patasi zake kwenye magazeti.

"Afadhali umekuja, mwanangu. Nataka unifungie ile tovuti."

"Kuna nini, mama?"

"Wiki tatu hakuna aliyeniandikia. Nimempigia yule mama wa binti, kaona ni mimi, kakata. Watu wakikuchoka hawakwambii, wanakuacha tu. Mkono wangu umeharibika, na mwenye mkono ndiye wa mwisho kujua."

Fundi alikuwa na sentensi yake tayari mdomoni.

"Labda mtandao ulisumbua," alisema, na hiyo haikuwa yenyewe. Aliona haya mpaka masikio yakamwaka. Alitamani ardhi ipasuke immeze, lakini pale chini palikuwa na saruji, na saruji haikupasuka.

"Ungesumbua ungeniambia," mama alijibu. "Wengine wote wameniangusha. Wewe hapana."

Akamsindikiza hadi nje, kama alivyomsindikiza siku zote. Barua kumi na tisa zilikuwa palepale, zimempa kila mtu mgongo, kimya, kama zilivyoelekezwa. Mama aliipapasa ile ya mwisho kichwani. Ilitetemeka, lakini haikugeuka.

"Kumbe umekuja na watoto! Wote hawa ni wako?"

Fundi alitazama viatu vyake.

"Wangu, mama."

"Mungu akukuzie," alisema mama, akarudi ndani kumalizia kufunga patasi.